Shajara ya chasisi iliyopasuka: pikapu ya viazi, Nakuru, Machi hadi Mei 2025

Gari ni pikapu ya dizeli ya kebini moja, ya mwaka 2009. Kwenye karatasi inabeba tani moja. Kazi yake ni kushusha viazi aina ya Shangi kutoka Mau Narok hadi soko la Wakulima mjini Nakuru, safari tatu kwa wiki, na kupanda na mbolea. Shehena ya kawaida ni magunia 30 ya kilo 50, yaani tani moja na nusu. Viazi vikiwa vingi shambani yanafika 34.

Chasisi ni ya boriti mbili za kando zilizounganishwa na boriti za kukingama. Kutoka mbele hadi chini ya kebini kila boriti ni boksi lililofungwa. Nyuma ya kebini boksi linaisha na boriti inakuwa na umbo la C: ukuta wa wima, na ukingo mmoja juu na mmoja chini. Hatua zilizo hapa zinafaa gari la aina hiyo. Malori makubwa ambayo chuma cha chasisi kimekomazwa kwa joto kiwandani yasiguswe kwa njia hii, kwa sababu moto wa kuchomelea unaua ugumu wake.

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kupokea, kuosha, kupima

Lalamiko lilikuwa mlango wa kushoto kukataa kufunga gari likiwa na mzigo. Hiyo ni dalili ya chasisi kabla ya kuwa dalili ya mlango. Mwanya kati ya kebini na bodi ulikuwa milimita 31 chini na 44 juu upande wa kushoto, ilhali upande wa kulia ulikuwa 33 na 35. Bodi ilikuwa inaanguka kwa nyuma na kufungua mdomo kwa juu.

Tuliosha kwa maji ya shinikizo na kukwangua ndani ya boriti. Kilitoka kilo mbili na nusu za matope makavu, na ndani yake chembe nyeupe za mbolea. Hili lisipuuzwe. Mbolea ya CAN hunyonya unyevu hewani na kukaa majimaji juu ya chuma hata wakati wa kiangazi. Magari yanayosukuma theluji Marekani na Kanada huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani. Chumvi yetu ni mbolea inayovuja guniani. Tofauti nyingine ni mahali pa kupasuka. Yale hubeba jembe zito mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo hupasuka mbele, karibu na sanduku la usukani. Yetu hubeba mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo hupasuka nyuma ya kebini.

Unene wa chuma kizima ulikuwa milimita 3.0. Sehemu mbaya zaidi yenye kutu, chini karibu na breketi ya mbele ya springi, ilikuwa 2.3. Tukaamua inaokoleka. Ingeshuka chini ya 2 tungekata na kubadilisha kipande kizima.

Kwa timazi tulishusha alama nane sakafuni, tukachora chaki na kupima pembe kwa pembe. Tofauti ya mishazari ilikuwa milimita 6. Uzi uliovutwa kando ya boriti ya kushoto ulionyesha mwisho wa nyuma umeshuka milimita 9.

Jumatano, 5 Machi. Kutafuta ufa unapoishia

Gari lilikuja na kiraka cha gereji nyingine, cha miezi mitano tu. Bamba la milimita 8, mraba, urefu wa sentimita 30, limechomelewa pande zote nne bila kuacha. Ufa mpya ulikuwa umetokea kwenye ukingo wa mbele wa kiraka chenyewe, ukishuka wima sambamba na mshono kama umechorwa kwa rula.

Hivyo ndivyo inavyokuwa. Boriti ya milimita 3 hupinda kidogo kidogo kila shimo la barabara, na kupinda huko hugawanyika kwa urefu wote. Ukibandika chuma cha milimita 8 mahali pamoja, pale hapapindi tena. Kupinda kote kunakusanyika pale chuma kinene kinapoishia, na mshono wa wima uliopo pale tayari umeshachosha chuma kwa moto. Mwenye gari aliuliza, "Sasa si mweke kinene zaidi, fundi?" Chuma kinene hakiponyi ufa, kinauhamisha. Kiraka chetu hakitazidi unene wa boriti.

Mwisho wa ufa haukutafutwa kwa macho. Tulisafisha kwa brashi ya waya hadi chuma cheupe, tukafuta kwa kisafishio, tukapulizia rangi nyekundu ya kupenya na kusubiri dakika 15. Tukaifuta kwa kitambaa (usiipulizie kisafishio moja kwa moja, utaiosha hadi ndani ya ufa), kisha tukapulizia dawa nyeupe. Kwa dakika mbili hakuna kitu. Halafu uzi mwekundu, mwembamba kuliko unywele, ukaanza kujitokeza kwenye ule weupe na kuendelea kuteremka milimita 13 zaidi ya pale tulipokuwa tumeweka alama ya chaki. Fundi akitoboa tundu la kuzuia (lile la kwenye ncha ya ufa ili usiendelee) kwa kuamini macho, anakuwa ametoboa katikati ya ufa na ncha inaendelea na safari yake.

Ijumaa, 7 Machi. Kutoa kiraka cha zamani

Kazi ya kutwa nzima. Tulisaga mishono kwa grainda hadi kiraka kikaachia. Hatukutumia gesi kukata, kwa sababu ingepasha boriti iliyo chini yake. Tahadhari ni kusaga upande wa kiraka. Diski ikiteleza ikakwaruza boriti kwa upande, mkwaruzo huo ni mwanzo wa ufa mwingine. Tulipata mikwaruzo miwili, tukailainisha kwa tupa kisha msasa, kufuata urefu wa boriti.

Chini ya kiraka kulikuwa na ufa wa kwanza, ule wa asili, haujawahi kuchomelewa. Ulikuwa umefunikwa tu. Ulianzia kwenye ukingo wa juu wa boriti, kwenye tundu la milimita 10 lililotobolewa ili kufunga boliti ya kizimba cha viazi, kisha ukashuka ukutani milimita 70.

Hapo ndipo mambo matatu yalipokutana. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli, ukingo wa juu wa boriti ndio unaovutwa, na tundu kwenye ukingo unaovutwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Pili, chini ya bodi mtu alikuwa ameweka kipande cha mpira mgumu juu ya ekseli kusaidia springi, kwa hiyo gari likiingia shimoni uzito wote unagonga boriti mahali pamoja, badala ya kugawanyika kwenye breketi mbili za springi. Tatu, mipira sita inayokaa kati ya bodi na chasisi ilibaki miwili tu. Upande wa kushoto umeumia zaidi kwa sababu ndio unaopita ukingoni mwa lami, penye kingo zilizomegeka.

Jumatatu, 10 Machi. Mshono wa kwanza, umeshindwa

Maandalizi kwa kifupi: betri imeondolewa, kompyuta ya injini imechomolewa, tangi la mafuta limeshushwa, paipu za breki zimefunikwa kwa bamba, mtungi wa kuzima moto uko karibu. Waya wa ardhi umebanwa sentimita 20 kutoka mahali pa kuchomelea ili umeme usipite kwenye beringi. Chasisi ilikaa juu ya stendi nne, na jeki chini ya mwisho wa nyuma wa boriti ya kushoto ikapandishwa pole pole hadi mdomo wa ufa ukafunga kutoka milimita 4 hadi chini ya 1. Kuchomelea ufa ulio wazi ni kuhalalisha chasisi iliyopinda.

Tundu la kuzuia la milimita 6 lilitobolewa milimita 5 mbele ya ncha iliyoonyeshwa na rangi. Ufa ukasagwa umbo la V kwa upande mmoja, ukaachwa mwanya wa milimita 2 chini.

Vijiti vya kuchomelea vilikuwa aina ya 7018, vya haidrojeni kidogo, vya milimita 2.5. Kosa la kwanza lilikuwa mashine: transfoma ya AC iliyotengenezwa hapa hapa mjini, ambayo tulipoipima bila kuchomelea ilitoa voltu 52. Kijiti cha 7018 kwenye AC kinataka karibu voltu 70 ili moto ukae. Kilikuwa kinaganda kila baada ya sentimita mbili. Kosa la pili lilikuwa vijiti vyenyewe, ambavyo vilitoka kwenye pakiti iliyokaa wazi tangu Januari. Tulipopasua mshono kwa grainda tukaona vitundu kama vya mkate na magamba yaliyofungiwa ndani.

Kuna anayeweza kusema rudi kwenye 6013, kinawaka kwenye mashine yoyote. Kwa geti na madirisha, sawa. Kwa chasisi hakipenyi vya kutosha, na kinaingiza haidrojeni nyingi kwenye mshono.

Jumanne, 11 Machi. Mshono wa pili

Tulikodi inverta ya DC na kufungua pakiti mpya iliyozibwa. Asiyeweza kupata mpya anaweza kuoka vijiti kwa nyuzi 300 hivi kwa saa moja hadi mbili, lakini lazima awe na oveni inayofika huko. Kuvianika juani juu ya mabati hakutoi unyevu ulioingia kwenye ganda.

Mshono wote wa jana ulisagwa ukaisha, rangi ya kupenya ikapakwa tena kuhakikisha hakuna mabaki ya ufa, na chuma kikasafishwa upya. Kijiti kwenye chanya, ampea 80. Mishono mifupi ya sentimita 3, kila mmoja ukianzia mbele na kurudi kuelekea ule uliotangulia, na kusubiri hadi kiganja kiweze kukaa juu ya chuma kabla ya kuendelea. Magamba yaligongwa na kupigwa brashi kila hatua. Chuma kiliachwa kipoe chenyewe. Kumwagia maji ili kazi iende haraka ni kukifanya kiwe kama kioo.

Tundu la boliti kwenye ukingo wa juu lilizibwa kwa kuweka kipande cha shaba chini yake. Mshono haushiki shaba, kwa hiyo chini panabaki laini. Tundu la kuzuia nalo likajazwa. Kisha mishono yote ya ukingo ikasagwa sawasawa na chuma, alama za diski zikifuata urefu wa boriti. Rangi ya kupenya baada ya saa 24: safi.

Alhamisi, 13 Machi. Kiraka kipya

Bamba la milimita 3, urefu wa sentimita 42, limekunjwa umbo la L na kukaa ndani ya C. Mguu mrefu unalala kwenye ukuta, mguu mfupi chini ya ukingo wa juu. Ncha zote mbili zimekatwa mshazari wa nyuzi 30 hivi hadi zikawa kama ncha ya mkuki, na kila kona imeviringwa, ili ugumu uongezeke na kupungua taratibu.

La kwanza halikukaa. Lilikunjwa kwa kona kali, wakati kona ya ndani ya boriti ni ya mviringo, kwa hiyo likapanda juu ya kona na kuacha mwanya wa milimita 4 ukutani. Kulivuta kwa klampu na kulichomelea likiwa limevutwa kungefungia mkazo ndani kabla gari halijabeba hata gunia moja. Lilitupwa. La pili lilikunjwa kwa kufuata kielelezo cha kadibodi kilichokatwa kutoka ndani ya boriti yenyewe. Likaingia kwa mkono.

Mguu wa ukutani ulitobolewa matundu sita ya milimita 16, yamepishana, ukachomelewa kupitia matundu hayo. Kingo za juu na chini za mguu huo zimeshikwa kwa mishono ya sentimita 4 na nafasi ya sentimita 4. Sentimita 3 za mwisho kwenye kila ncha hazikuguswa. Hakuna mshono wowote wa wima. Mguu mfupi ulio chini ya ukingo haukuchomelewa kabisa. Nguvu inaufikia kupitia kona, na mwanya wake utazibwa kwa gundi ya bodi maji yasiingie.

Ijumaa, 14 Machi. Imevutwa

Jana mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Menengai, na mishono minane ya mwisho ilipigwa mfululizo bila kusubiri ipoe. Leo timazi imetoa majibu: mishazari inatofautiana milimita 11. Asubuhi ya jana ilikuwa 6, nasi tunakubali hadi 5.

Hatukupasha moto. Boriti ya kulia ilifungwa kwa mnyororo kwenye nanga ya sakafuni, jeki ya chupa ya tani 10 ikawekwa mshazari kati ya boriti mbili za kukingama, chini yake vibao vya mti mgumu ili isichome chuma. Tulisukuma milimita 3, tukaachia, ikarudi yote. Tano, ikarudi karibu yote. Ilibidi kuvuka kipimo kwa milimita 8 na kuiacha hivyo dakika 20. Kwa mara ya nne mishazari ikasimama kwenye tofauti ya 4, na uzi wa kando ukaonyesha mshuko wa milimita 3 badala ya 9. Rangi ya kupenya ikapigwa tena kwenye mishono yote, kwa sababu kunyoosha kunaweza kufungua kile ulichofunga. Safi.

Jumanne, 18 Machi. Kutu, springi, bodi

Matundu ya kutoa maji chini ya boriti yalizibuliwa, 11 kati ya 14 yalikuwa yameziba. Praima ya zinki, kisha rangi nyeusi, kisha nta ndani ya sehemu ya boksi kwa mpira mrefu wa kupulizia. Oili chafu ya injini, ambayo wengi humwaga humo, inalainisha bushi za mpira na kushika vumbi.

Kile kipande cha mpira juu ya ekseli kimetolewa. Jani la ziada lililoongezwa kwenye springi limetolewa pia, kwa sababu lilikuwa fupi na ncha zake zilikuwa zinachimba jani la chini yake. Boliti za U nne ni mpya. Zilizokwisha kukazwa zimevutika, hazirudiwi. Bushi na shakeli mpya. Mipira sita ya bodi mipya.

Kizimba cha viazi sasa hakifungwi kwenye ukingo. Breketi nne zimefungwa kwenye ukuta wa boriti, katikati ya kimo, kwa boliti mbili kila moja, M12 za daraja la 10.9. Katikati ya kimo cha ukuta chuma hakivutwi sana wala hakikandamizwi sana, kwa hiyo tundu pale lina madhara madogo.

Jumamosi, 22 Machi. Hesabu, na kurudi barabarani

Vifaa vya mchomo: rangi ya kupenya makopo matatu shilingi 4,200, vijiti 2,300, diski 900, bamba pamoja na kukunjwa mara mbili 1,600, kukodi inverta siku nne 6,000. Vya kufunga: boliti nane 1,440, boliti za U 2,400, mipira ya bodi 2,700, bushi na shakeli 3,200. Rangi na praima 2,150, nta 1,900. Fundi wa kuchomelea siku tatu 7,500, msaidizi siku tano 5,000. Jumla shilingi 41,290.

Bei ya rangi ya kupenya humshtua kila mtu, na ndiyo kitu cha kwanza kuondolewa kwenye orodha. Ni asilimia 10 ya kazi hii, na bila hiyo tundu la kuzuia lingekaa mahali pasipo.

Makubaliano na mwenye gari: magunia 22, marefu yalazwe mbele dhidi ya kebini, na lolote lisipite mlango wa nyuma.

Jumamosi, 12 Aprili. Kilomita 1,080

Boliti za U zilikazwa tena, zote nne zilikuwa zimelegea kidogo, jambo la kawaida kwa mpya. Kiraka: hakuna kitu. Mwanya wa kebini na bodi ni 33 chini na 34 juu, gari likiwa na magunia 22.

Jumatano, 28 Mei. Kilomita 3,350, ufa mwingine

Upande wa kulia, chini ya breketi ya stopa ya mpira (pale ekseli inapogonga boriti), mstari mwembamba wa kutu ulikuwa unachuruzika juu ya rangi nyeusi ya Machi. Kutu inayotoka katikati ya rangi mpya karibu kila mara ina ufa nyuma yake, kwa sababu ufa unapumua maji kila boriti inapopinda. Rangi ya kupenya ikaonyesha milimita 14, kwenye mguu wa mshono wa kiwandani unaoshika breketi.

Kosa ni letu. Mwezi Machi upande wa kulia ulipimwa kwa macho tu, kisha ukapakwa rangi. Ule mpira mgumu ulikuwa umeigonga breketi ya kulia kwa miaka ileile ulipokuwa unaigonga ya kushoto. Kutu ndani ya ufa ilikuwa nyeusi na ngumu kwa milimita 9 za kwanza, ikaishia kwenye chuma kinachong'aa. Maana yake sehemu kubwa ilikuwapo kabla hatujapaka, na mvua za masika zimeimalizia.

Ufa ulisagwa ukaisha kabisa, ukajazwa kwa mishono mitatu mifupi, na mguu wa mshono ukalainishwa kwa tupa ya mviringo hadi ukawa bonde laini badala ya kona. Breketi nyingine tatu zilizochomelewa kiwandani zilipimwa safari hii: safi. Gharama shilingi 3,600, jumla sasa ni 44,890.

Ukaguzi unaofuata ni kilomita 5,000: kuosha kwanza, kisha taa kwenye ncha zote za kiraka, breketi zote nne za springi, na mahali boksi linapoisha nyuma ya kebini, pande zote mbili.